Mti Unaoota Penye Sindano

Kipande cha arobaini na mbili si kikubwa,
kama sabuni iliyobaki bafuni:
resini iliyoganda, angavu, na sindano moja
imezama hadi karibu ya upande wa pili.
Karibu, si kufika. Milimita mbili zimebaki.
Hizo ndizo shamba langu lote,
mwaka wa nne huu, ghorofa ya chini,
idara ya umeme, Tampere.

Reijo, fundi wa maabara, hunipa fimbo ya shaba
kabla hajanipa salamu.
"Kwanza fimbo, halafu mkono,"
maana chuma kilichozimwa hakijasahau.
Mkono wake wa kushoto una kidole kisichokunjika.
Sijamuuliza. Fimbo naishika.

Nafunga mlango wa wavu. Taa nyekundu.
Napandisha: kilovolti tano, nane, kumi na mbili,
na transfoma yaanza kunguruma
kama mtu anayetafuta neno na neno halimjii.

Ndipo chini ya darubini unaota mti.
Huanza unywele mmoja kwenye ncha ya sindano,
unywele ukapasuka, tawi likazaa tawi,
hauna jani, hauna ndege, kivuli hauna,
mti unaokua kwa kula nyumba yake.
Ukigusa upande wa pili: mwanga, mlio mmoja,
na mimi daftarini naandika saa, dakika, "umekufa."
Miti arobaini na mmoja imekufa hivyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Ufa wangu mimi naulisha.
Naulisha nijue njaa yake.

Baba, Taisto, alikuwa fundi wa nguzo kule Kainuu.
Miaka thelathini, theluji kiunoni,
alikata betula zilizoegemea nyaya
ili vijiji visilale gizani.
Jumapili hunipigia:
"Mti wako umefika?"
"Bado."
"Nije na msumeno?"
Tunacheka. Anakohoa. Ananiuliza nimekula nini.

Sasa huyu wa arobaini na mbili.
Saa ya sita alikuwa amekwenda kama wenzake,
saa ya saba akasimama.
Nilidhani mtambo umezimika. Haukuzimika.
Siku ikapita. Wiki. Wiki ya pili.
Profesa Sarkkinen akashuka na koti lake mkononi,
akainama kwenye darubini,
mkutano wake ukaanza bila yeye.

"Ulifanya nini?"

Na jibu langu lilikuwa la aibu.
Usiku ule wa kumimina resini
nilikimbilia basi la mwisho,
kipande nikakiacha tanurini,
tanuri likajizima, kikapoa peke yake hadi asubuhi,
taratibu, bila mtu, bila hesabu.
"Nilikisahau," nikasema.
Hakucheka.
"Basi kisahau tena," akasema,
"ila safari hii, pima."

Hivyo najifunza kusahau kwa kipimajoto,
kila dakika kumi, kalamu sikioni,
macho yamejaa mchanga wa usingizi.
Dirisha letu liko usawa wa ardhi: nje naona
viatu vya wanafunzi, magurudumu ya baiskeli,
na mashina meupe ya betula, vichwa vyao sivioni.

Wa arobaini na tatu alikufa saa ya nne.
Wa arobaini na nne yumo tanurini.
Sijui kama nimegundua kitu
au nimebahatika mara moja tu,
na bahati haina jedwali.

Reijo ameondoka. Ameacha fimbo kwenye ndoano yake
na andazi la iliki juu ya daftari langu.
Wa arobaini na mbili bado amesimama,
kumi na mbili kichwani, nusu milimita mbele yake.
Nikipita karibu naye
natembea kwa ncha za vidole.